Je, ni kweli manusura wa Lost walikuwa wamekufa tangu ajali?

SWALI LA MSOMAJI: Mimi na mume wangu tumeanza kutazama Lost, ile tamthilia ya Marekani ya manusura wa ajali ya ndege waliokwama kisiwani, na sasa tumefika msimu wa pili, sehemu ya 11. Kazini wenzangu wananiambia nisijisumbue. Wanasema mwisho wake unajulikana, kwamba wote walikufa siku ile ile ndege ilipoanguka, na kwamba maswali mengi hayajibiwi kamwe. Mume wangu naye ameanza kuchoka, anasema kila hadithi ikipiga hatua moja inarudishwa nyuma mbili. Je, wanayosema ni kweli? Kama ni kweli, kwa nini tamthilia ya mwaka 2004 bado inatazamwa hivi? Na kama tunaendelea, tuitazame vipi tusichanganyikiwe?

JIBU:

Dada, si kweli. Yote mnayoyaona kisiwani yanawatokea watu walio hai, na anayefia pale amekufa pale. Mwambie hivyo mwenzako wa kazini, kisha umwombe asiongeze neno. Uvumi huo una chanzo chake, tena kinajulikana, lakini kukieleza ni lazima niguse mwisho wenyewe. Kwa hiyo chini kabisa nimeweka mstari wa nyota. Mpaka kwenye mstari huo soma bila wasiwasi: sitawamwagia uhondo, nitawadokezea tu pa kufungua macho. Baada ya mstari, funga ukurasa mpaka mmalize.

Nianze na uchovu wa mume wako, maana ana haki nao, na sababu yake haiko kwenye hadithi peke yake bali kwenye biashara ya televisheni ya Marekani ya wakati ule.

Wazo la Lost lilitoka kwa Lloyd Braun, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kituo cha ABC. Mwaka 2003 akiwa likizoni Hawaii alitazama Cast Away, filamu ya mtu mmoja aliyekwama kisiwani, akawaza ingekuwaje kama waliokwama wangekuwa kundi zima na hadithi isiishe kwa saa mbili. Mswada wa kwanza, ulioandikwa na Jeffrey Lieber, haukumridhisha. Januari 2004 kazi akapewa J.J. Abrams, akakutanishwa na kijana asiyemjua, Damon Lindelof, na ndani ya miezi michache walikuwa wameshapiga picha za mwanzo. Ile sehemu ya kwanza ya mikupuo miwili iligharimu kati ya dola milioni 10 na 14, kiasi ambacho ABC haikuwahi kukitumia kwa ufunguzi wa tamthilia yoyote. Mabaki ya ndege mliyoyaona ufukweni ni ya ndege halisi, Lockheed L-1011 iliyokuwa imestaafu, ikanunuliwa, ikakatwakatwa na kusafirishwa mpaka ufuko wa Mokuleia, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu. Ndani ya hadithi inajifanya Boeing 777. Braun alifukuzwa kazi kabla tamthilia haijaonyeshwa hata mara moja. Sauti yake lakini ilibaki: ndiye anayetamka yale maneno ya Kiingereza yanayotangulia muhtasari wa yaliyopita.

Tarehe 22 Septemba 2004 watu milioni 18.6 wa Marekani waliitazama. Msimu wa pili ulipofunguliwa, mwaka mmoja baadaye, walikuwa karibu milioni 23.5. Na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Kwa desturi ya vituo vya Marekani, tamthilia inayoleta watazamaji haipangiwi mwisho. Inaendeshwa mpaka ikauke. Waandishi walitakiwa kutoa sehemu 25 msimu wa kwanza, 24 wa pili na 23 wa tatu, bila kujua kama wako mwanzoni, katikati au ukingoni mwa safari. Huwezi kufungua siri kubwa kama hujui utahitaji kuishi nayo miaka mingapi zaidi. Basi wakawa wanavuta muda. Mume wako anachokihisi ni huko kuvuta muda.

Kuna sehemu moja, ya 9 katika msimu wa tatu, inayosimulia jinsi Jack, daktari anayewaongoza manusura, alivyopata michoro ya tatuu mkononi mwake. Wengi huihesabu kuwa dhaifu kuliko zote, na waongozaji wa uandishi, Lindelof na Carlton Cuse, waliitumia mbele ya wakuu wa ABC kama ushahidi: hiki ndicho mtakachopata msipotupa tarehe ya kumaliza. Mei 2007 kituo kikakubali, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa, kikatangaza kwamba Lost itaisha mwaka 2010. Misimu iliyobaki ikawa mifupi: 14, kisha 17, kisha 18. Wa nne ulipunguzwa zaidi na mgomo wa waandishi wa 2007 na 2008. Mtaiona tofauti wenyewe. Kuanzia nusu ya pili ya msimu wa tatu mwendo unabadilika kama gari lililotoka kwenye foleni.

Kwa hiyo shauri langu ni kuendelea, na msikate tamaa kabla ya mwisho wa msimu wa tatu. Dakika tano za mwisho za msimu huo zinageuza namna nzima ya kusimulia. Mkifika pale na bado hamvutiwi, acheni kwa amani, hii si tamthilia yenu.

Sasa swali lako la pili, kwa nini haichuji. Jibu la haraka ambalo watu hutoa ni "kwa sababu ya siri". Naliona jibu hilo pungufu, na ushahidi ni tamthilia zilizoiiga. Baada ya 2004 vituo vya Marekani vilijaa hadithi za mafumbo makubwa. FlashForward ilianza 2009 na The Event 2010. Zote mbili zilikuwa na fedha, zilikuwa na siri nzito, na zote mbili zilikufa baada ya msimu mmoja. Siri peke yake ingetosha, zingekuwa hai leo.

Sisi tuna mchezo unaosaidia kulielewa hili. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wasikilizaji wanaitikia "Tega!", na wakishindwa wanampa mji ndipo awape jibu. Kitendawili kikishajibiwa kimekwisha. Hakuna anayekaa usiku kucha akikitafakari. Fumbo ni kitu kingine. Ukilifumbua linaendelea kufanya kazi ndani yako, na kila ukirudi linakupa sura mpya. Lost ilitega vyote viwili kwa wakati mmoja, na watazamaji wengi hawakuambiwa kipi ni kipi. Nini kimo chini ya mfuniko wa chuma? Kitendawili, mmeshapata jibu. Dubu mweupe wa barafuni anafanya nini kwenye msitu wa joto? Kitendawili, na jibu lipo. Lakini swali la kama tunaandikiwa maisha yetu au tunayachagua, ambalo Jack, mtu wa sayansi, na Locke, mtu wa imani, wanagombania tangu siku ile walipokiangalia kile kitufe kinachotakiwa kubonyezwa bila kukoma, ni fumbo. Aliyetoa mji miaka sita akingoja fumbo lijibiwe kama kitendawili lazima aondoke na hasira. Aliyelipokea kama fumbo analirudia mpaka leo.

Na fumbo hilo limefungwa ndani ya watu, kwa ufundi unaoweza kuuona ukiangalia jinsi kila sehemu inavyojengwa. Ina dakika kama 42. Inafunguliwa na tukio fupi linaloishia kwenye mshtuko, halafu vipande vitano au sita vilivyokatwa na matangazo. Sehemu nyingi humchukua mhusika mmoja, na hadithi yake ya zamani hupishana na tatizo alilonalo kisiwani siku hiyo. Shuleni tuliita mbinu rejeshi, wengine husema kisengerenyuma. Sauti ile ya mvumo kama ndege inayopita ndiyo alama ya mlango kati ya nyakati mbili. Tazameni tena sehemu ya 4 ya msimu wa kwanza, ya Locke. Kwa dakika 40 mnadhani mnatazama mtu anayependa kuwinda. Sekunde za mwisho, mnapokiona kile kiti cha magurudumu, kila alichokifanya tangu ajali kinapata maana nyingine, hata namna alivyokaa mvuani akiwa amefurahi. Hakuna siri ya kisiwa iliyofichuliwa pale. Aliyefichuliwa ni mtu, na ndiyo maana sehemu ile haichakai hata ukiirudia mara kumi.

Watu hao nao walitengenezwa kwa kufuata waigizaji, jambo lisilo la kawaida. Hurley aliandikwa kwa ajili ya Jorge Garcia. Yunjin Kim alikuja kujaribiwa nafasi ya Kate, mmoja wa wahusika wakuu. Waliompima wakaona afadhali waandike mhusika mpya, na hivyo Sun akazaliwa, na mumewe Jin akafuata. Jack mwenyewe alipangwa afe katikati ya sehemu ya kwanza ili kuwashtua watazamaji. Wakuu wa kituo walikataa, na kwa mara hiyo moja naona walikuwa sahihi, kwa sababu bila yeye Locke angekosa wa kubishana naye.

Kuna jambo la tatu, ambalo ninyi mnaotazama sasa mmelikosa: kungoja. Kati ya sehemu na sehemu palikuwa na wiki nzima, na kati ya misimu miezi mingi. Watu walijaza nafasi hiyo kwa kubishana. Septemba 2005 wapenzi wa tamthilia walianzisha Lostpedia, ensaiklopidia ya mtandaoni wanayoiandika wenyewe, yenye ukurasa karibu kwa kila jina na kila kitu kilichoonekana kwenye kioo. Namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42, ambazo Hurley alishindia bahati nasibu ndani ya hadithi, zilitoka nje ya tamthilia zikawa sehemu ya maisha: watu huzicheza kwenye bahati nasibu hadi leo. Tarehe 4 Januari 2011, miezi michache baada ya tamthilia kuisha, droo ya Mega Millions ya Marekani ilitoa 4, 8, 15, 25, 47 na namba ya ziada 42. Maelfu waliokuwa wamecheza namba za Hurley walijikuta wameshinda kiasi kidogo. Na pale Oahu, watalii bado hupelekwa kwenye bonde la Kualoa kuona uwanja wa gofu wa Hurley. Julai 2024, tamthilia ikiwa inakaribia miaka 20, ilirejea Netflix ya Marekani na ikaingia tena kwenye orodha za zinazotazamwa zaidi, safari hii na watu ambao wengine walikuwa hawajazaliwa ndege ilipoanguka.

Basi, mtaitazamaje?

Kwanza hesabu. Zote ni sehemu 121, ingawa baadhi ya huduma huunganisha zile ndefu na hivyo namba zikapungua kidogo. Nikisema sehemu ya 14 na yenu ikaonekana 13, sababu ni hiyo. Mmebakiza kama 85, sawa na saa 60 hivi. Mkitazama mbili kwa usiku ni wiki sita. Kwa wanaotumia bando la simu: ubora wa chini kabisa hula kama GB 0.3 kwa saa, wa kati kama 0.7, na wa juu kama GB 3. Kwa hiyo safari iliyobaki ni kati ya GB 18 na 180 kutegemea mlichochagua. Ubora wa kati, GB 42 hivi, unatosha; picha zilipigwa kwa filamu na zinapendeza hata kwenye kioo kidogo. Wa chini kabisa siushauri, kwa sababu matukio mengi ni ya usiku msituni na mtaona weusi mtupu.

Msizidi mbili kwa usiku. Hilo nalisema kwa uzito. Kila mwisho wa sehemu uliandikwa uwaache watu na taharuki ya siku saba. Ukimeza sita kwa mkupuo, mshtuko wa kwanza unafutwa na wa pili kabla haujakufanyia kazi, na visa vya zamani vya wahusika vinaanza kufanana. Ile hali ya kurudishwa nyuma mara mbili mara nyingi hutokana na kasi ya mtazamaji. Baada ya kila sehemu zimeni, mkae dakika kumi mkibishana. Mtakuwa mmerudisha kitu ambacho tamthilia ilitengenezwa nacho.

Jambo linaloharibu utazamaji wa wengi bila wao kujua ni maandishi ya chini. Jin na Sun huzungumza Kikorea muda mrefu, na Sayid hutumia Kiarabu. Katika toleo rasmi, mazungumzo ya Kikorea yana tafsiri ya Kiingereza iliyokusudiwa isomwe na kila mtu. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi hazina tafsiri hiyo, na asiyejua Kikorea anaishia kumwona Jin kama mume mkali tu anayefoka. Hadithi nzuri ya ndoa kuliko zote katika tamthilia hii inapotea yote. Kama mlitazama msimu wa kwanza bila kuelewa wawili hao wanasema nini, rudini sehemu ya 6 na ya 17 kwa toleo lenye tafsiri kabla ya kuendelea.

Daftari ni msaada, lakini muandike machache. Andikeni nani aliwahi kukutana na nani kabla ya ndege, hata kwa kupishana tu mlangoni, kwa sababu hayo hayawekwi ovyo. Andikeni habari za baba wa kila mhusika. Mkifika mwisho mtashangaa orodha hiyo inavyofanana. Zingatieni majina: Locke, Rousseau na mengine mtakayokutana nayo ni ya wanafalsafa halisi, ingawa si lazima muwasome. Msihangaike kuhesabu manusura wanaopita nyuma ya picha, na msijaribu kupanga tarehe kwa siku. Waandishi wameshawapangia: msimu wa kwanza mzima ni siku 44 tu. Msimu wa tano ndio utakaohitaji karatasi hasa. Kila mkionyeshwa au kutajiwa mwaka, uandikeni na chini yake muorodheshe nani yuko mwaka huo. Wanaoshindwa msimu huo karibu wote wameshindwa kwa kukosa karatasi.

Kwa hapo mlipo: sehemu ya 12 inayofuata, ya Charlie, ni kati ya zile nyepesi za msimu huu, ivumilieni. Ya 14 anaingia mtu mmoja aliyenaswa kwenye mtego. Mtazameni macho yake kuliko maneno yake, na mwamue nyinyi wawili, bila kusikilizana, kama mnamwamini. Ya 17 itawaonyesha ramani ukutani kwa sekunde chache sana. Simamisheni picha. Wakati ule watu waliokuwa na vinasa vya televisheni waliigandisha ile picha, wakaikuza na kuichora upya herufi kwa herufi, na ni kutokana na sekunde hizo kwamba wengi walijifunza kutazama televisheni kama mtu anayesoma waraka. Msimu wa tatu, ile ya 9 mnaweza kuiruka bila hasara. Ya 14 wengi huichukia kwa sababu inahusu watu wawili wasiojulikana. Mimi nawaomba msiiruke, ni hadithi fupi iliyokamilika kwa namna ya kutisha. Na msimu wa nne, sehemu ya 5, tengeni usiku wake peke yake, simu zikiwa mbali. Wapenzi wengi wa Lost huitaja kuwa bora kuliko zote, na ni vigumu kuwapinga.

Fungueni masikio pia. Muziki ni wa Michael Giacchino, kwa nyuzi, kinubi, matrumbeta mazito na ngoma, na baadhi ya midundo aliipata kwa kugongagonga vipande vya ile ndege halisi. Kila mhusika ana wimbo wake. Mkishaujua wa Locke na wa Hurley, kuna nyakati muziki utawaambia nani yuko mawazoni mwa mtu kabla hajatajwa.

Sehemu ya mwisho kabisa, ya 2010, iangalieni urefu kabla ya kuianza. Kamili ina dakika kama 104, iwe kipande kimoja au viwili vikijumlishwa. Ipo nakala iliyopunguzwa kwa ajili ya marudio ya televisheni, na kilichokatwa ni mambo msiyotaka kuyakosa.

Kwa mliomaliza tu:

* * *

Kama umemaliza, huu ndio ukweli wa uvumi ule. Usiku wa 23 Mei 2010, watu milioni 13.5 wa Marekani wakitazama, sehemu ya mwisho iliisha kwa jicho la Jack kufumba. Kituo cha ABC kiliona ni vibaya kuwatoa watu kwenye huzuni ile moja kwa moja hadi matangazo na habari, kikaweka chini ya majina ya watengenezaji picha tulivu za mabaki ya ndege ufukweni, bila mtu yeyote. Zilikuwa picha za zamani, za kupoza moyo. Watazamaji waliozoea kutafuta ishara katika kila kitu wakazisoma kama ujumbe: ufuko mtupu, kwa hiyo hakuna aliyenusurika. Kituo kikalazimika kueleza kwamba picha zile hazikuwa sehemu ya hadithi. Maelezo hayakuufikia uvumi.

Jibu lenyewe limo kanisani, katika mazungumzo ya Jack na baba yake. Christian anamweleza wazi kwamba yaliyompata yalikuwa ya kweli, kwamba kila mtu hufa wakati wake, wengine kabla ya Jack, wengine miaka mingi baada yake. Boone alikufa msituni, Charlie majini, Jack kwenye mianzi. Hurley na Ben walibaki kukilinda kisiwa kwa muda usiotajwa. Kate na Sawyer waliondoka na ndege ya shirika la Ajira, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kugeuza shingo. Kilichokuwa baada ya kufa ni ile hadithi ya pembeni ya msimu wa sita peke yake, ile ambamo ndege inatua Los Angeles salama. Ni mahali walipojiwekea ili wakutane kabla ya kuendelea mbele, na wakati wa huku hauhesabiki kule. Ukitenganisha hayo mawili, mwisho wote unanyooka.

Je, kila kitendawili kilijibiwa? Hapana. Waliowafyatulia risasi kutoka mtumbwi wa pili katika msimu wa tano hawakuonyeshwa kamwe, na Libby alifikaje katika hospitali ya Hurley hatukuambiwa. Sababu nyingine ni za kibinadamu kabisa. Malcolm David Kelley, aliyemwigiza Walt, alikuwa mtoto anayekua, na hadithi ilikuwa ikitambaa siku chache kwa kila mwaka wa upigaji picha. Kufikia mwisho wa msimu wa pili, kisiwani zilikuwa zimepita siku 67 hivi, na mtoto ameshaongezeka kimo. Ndiyo maana siri zake zikaachwa njiani. Adewale Akinnuoye-Agbaje aliomba kuondoka ili arudi Uingereza, na Eko, aliyekuwa akiandaliwa kuwa nguzo ya upande wa imani, akauawa na yule moshi muuaji wa kisiwani katika sehemu ya 5 ya msimu wa tatu. Pengo lake halikuzibwa. Kwa upande mwingine Michael Emerson, aliyeitwa kwa sehemu tatu tu, aliigiza Ben kwa namna ambayo waandishi hawakuweza kumwachia. Mwaka 2009 alipata tuzo ya Emmy, miaka miwili baada ya Terry O'Quinn kupata yake kwa Locke.

Lipo pia doa ambalo mpenzi wa kweli wa tamthilia hii hapaswi kulificha. Mwaka 2023 Harold Perrineau, yaani Michael, alieleza hadharani kwamba baada ya kulalamikia jinsi wahusika wasio wazungu walivyopewa nafasi finyu aliambiwa harejei msimu uliofuata, na watu wengine waliofanya kazi kwenye chumba cha waandishi walisimulia mazingira ya dharau. Lindelof alikiri kwamba alishindwa wajibu wake kama kiongozi. Ukirudia kutazama ukijua hilo, utaona ni nani wanaotoweka mapema, na inauma.

Msimalize bila kuona nyongeza ya dakika 12 iliyotoka kwenye DVD mwaka 2010. Ben anakwenda kulifunga ghala lililokuwa bado linadondosha vyakula kisiwani kwa ndege, na humo mna majibu ya wale dubu, pamoja na Walt aliyekua. Haimo katika hesabu ya sehemu 121 na huduma nyingi hazina, hivyo itafuteni kwa makusudi. Tena iwe baada ya kumaliza, kwa sababu inataja nani analinda kisiwa.

Kisha, usiku ule ule, fungueni dakika ya kwanza ya sehemu ya kwanza. Jicho linafumbuka kwenye mianzi ile ile, kiatu kinaning'inia mtini, na mbwa yule yule anatokea kati ya majani, anamtazama Jack, anapita.